Shule nne za karate, Jumamosi tano, na binti yangu mmoja

Chanzo cha yote ni basi la shule. Binti yangu ana miaka minane, mwembamba, mpole mpaka unamuonea huruma, na kuna kijana wa darasa la sita kila asubuhi alikuwa anamfungulia hotpoti anachukua anachotaka, chapati, sambusa, siku ya wali wa nazi ndio habakishi kitu. Mtoto hasemi. Nimekuja kujua baada ya kama wiki tatu hivi, namuuliza mbona unarudi na njaa namna hii, akanyamaza weee, alafu akasema mama mi nataka kwenda karate. Baba yake akacheka, eti karate ya nini mtoto wa kike, bibi yake nae upande wa pili anasema atavunjika mguu huyo, nikawaacha na maneno yao.

Mimi nina duka Kariakoo, nauza vitenge. Kazi hii inakufundisha kitu, mtu akikuletea mzigo anakukunjulia upande wa mbele, na upande wa mbele vyote vinang'aa, sasa we kigeuze. Wax ya kweli rangi imepita mpaka nyuma, mbele na nyuma sawasawa, ila ya kubabaisha ukigeuza unakuta weupeweupe. Basi ndivyo nilivyoenda kuziangalia hizi shule. Nilienda nne kwa Jumamosi tano, moja niliirudia, na majina sitaji, kuna mbili nitazisema vibaya na sitaki kesi, na ile niliyobaki nayo mwalimu mwenyewe kasema darasa limejaa nisimletee watu.

Kwanza nikiri sikuwa najua lolote. Kwangu mimi karate ilikuwa ni karate, mtu kavaa nyeupe anapiga kelele anavunja tofali. Nina mteja wangu mmoja, mzee wa Ilala, huwa anakuja na mkewe, siku hiyo nikamgusia, kumbe ujana wake wote ameuacha kwenye karate. "Mwanangu, karate gani sasa unayoitaka?" Nikamwambia mzee wangu, kwani zipo ngapi? Alicheka, akavuta stuli, mkewe akamaliza kuchagua vitenge vyote sita mzee bado anaongea.

Kwa kifupi alivyonieleza, na baadae nikaja kuyaona kwa macho. Karate yenyewe asili yake kisiwa cha Okinawa, kule kusini mwa Japani, na ina mitindo. Shotokan ni ya Funakoshi, yule mwalimu aliyeitoa Okinawa akaionyesha Tokyo mwaka 1922, wanasimama chini sana miguu imepanuka, mapigo marefu yaliyonyooka. Goju-ryu ni ya Miyagi, jina lenyewe maana yake ngumu na laini, hao wanasogeleana karibu, na wana zoezi la kupumua linaitwa sanchin ukilisikia mara ya kwanza unadhani mtu ana pumu. Na hii Goju-ryu ndio yenye mizizi mirefu hapa Dar, tangu miaka ya 70 alipokuwa anaifundisha Mmarekani mweusi anaitwa Bomani pale shule ya Zanaki, mzee anasema waalimu wengi wa umri wake ukiwafuatilia mwisho wa siku unaangukia huko. Kyokushin wanapigana mwili kweli kweli bila glavu, ila ngumi za uso hakuna. Taekwondo sio ya Wajapani ni ya Wakorea, miguu mingi, na hiyo ndio ipo Olimpiki tangu Sydney 2000, wakati karate yenyewe imeingia mara moja tu kwenye ile ya Tokyo iliyochezwa 2021, Paris haikuwepo. Judo hakuna kupiga, ni kushikana na kuangushana. Na jujitsu ya Brazili inaanzia pale judo inapoishia, mko chini mnabiringishana.

Nikamuuliza sasa ipi nzuri kwa mtoto? Akasema hilo swali kila mtu anauliza na ndio swali lisilo na maana. Akaniambia nenda kakae, usiangalie wale wa mstari wa mbele. Maana darasa zao wanajipanga kwa mikanda, wenye mikanda ya juu wanatangulia na wageni wanakaa mwisho kabisa. "We muangalie yule wa mwisho kwenye mstari. Muangalie dakika kumi, alafu urudi kuniambia."

Ni kugeuza kitenge tu huko.

Shule ya kwanza iko upande wa barabara ya kwenda Mbezi, ghorofani, kiyoyozi, vioo ukuta mzima, vikombe vimepangwa kama duka la vyombo. Dada wa mapokezi ana tableti. Mtoto wangu akapagawa na vioo. Tukakalishwa kwenye sofa tukaletewa maji, na kabla hata darasa halijaanza nikawekewa karatasi ya mkataba wa mwaka mzima, ukilipa leo kuna punguzo, kesho hamna. Hapo tu nikasema mmh, hii lugha naijua, hata mimi nikitaka kumaliza mzigo wa mwaka jana naongea hivyohivyo.

Darasa lilikuwa zuri kuangalia, sisemi uongo. Mziki, watoto wanarusha miguu juu, mbele pale kuna katoto ka miaka saba au nane kana mkanda mweusi. Mweusi tii! Nikauliza huyu kaanza lini, nikaambiwa mwaka na nusu, wana programu maalum ya kupandisha haraka. Sasa mi nilishaongea na mzee. Hata huko Korea kwenyewe, Kukkiwon ndio wanaotoa vyeti vya taekwondo, mtoto wa chini ya miaka 15 hapewi mkanda mweusi wa wakubwa, anapewa kitu kinaitwa poom, mkanda wake nusu nyekundu nusu nyeusi. Jujitsu ya Brazili ndio kabisa, mkanda wa bluu tu unausubiri mpaka ufike miaka 16. Sijasema yule mtoto hajui, alikuwa anaruka vizuri sana. Ila nilimuangalia alivyoambiwa acheze na mwenzie wa kufanana nae, alipiga mara moja, akapigwa mara moja, akaanza kulia akakimbilia kwa mama yake, na mwalimu akaendelea na mziki wake kama hakuna kilichotokea.

Na yule wa mwisho kwenye mstari? Alikuwa kijana mnene kidogo, miaka kumi hivi. Dakika kumi mzee alizoniambia, nilikaa hamsini. Hakuna mtu alimgusa wala kumuita jina. Anakosea mguu wa kulia na kushoto kuanzia mwanzo mpaka mwisho, anajiangalia kwenye kioo, anawaangalia wa mbele, darasa likaisha. Analipa elfu hamsini kwa mwezi kama wenzake wote.

Nikapiga hesabu kwenye simu nikiwa bado kwenye sofa lao. Elfu hamsini mara miezi 12 ni laki sita. Usajili elfu 20. Nguo lazima ununue kwao, 65,000, ya nje hairuhusiwi. Mtihani wa mkanda kila miezi mitatu elfu 30, ni laki na ishirini kwa mwaka. Tisheti ya mashindano elfu 25 hata kama mtoto hashindani. Jumla 830,000. Na dada wa tableti bado ananiambia mama ni elfu hamsini tu.

Hapa niseme kidogo kuhusu mikanda maana watu tunaliwa sana hapa. Rangi zote hizi za njano kijani bluu sio za enzi na enzi kama tunavyodhani. Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 hapakuwa na upinde wa mvua kiunoni, hiyo nyeusi yenyewe ilikuja miaka kadhaa baadae. Rangi nyingi zilipata umaarufu Ulaya, kuna Mjapani anaitwa Kawaishi alikuwa anafundisha Paris miaka ya 1930, aliona Wazungu hawana subira ya kukaa na mkanda mweupe miaka, wanataka waone wanasogea. Na ni kweli inasaidia, mtoto wangu nae akipata kile kijimkanda analala nacho. Tatizo ni pale mkanda unapokuwa bidhaa. Mzee alinipa kipimo kirahisi, ukisikia mtihani ambao haijawahi kutokea mtu akafeli, ujue huo sio mtihani ni bili.

Shule ya pili nilipelekwa na jirani. Uwanja wa shule moja huku Tabata, nje, sakafu ya zege, jua la saa tisa. Bei ni elfu kumi na tano kwa mwezi, nikasema hapa sasa ndio penyewe, watu wetu, hamna mbwembwe. Mwalimu mkakamavu, zamani alikuwa jeshini, watoto wamenyooka kama mishumaa. Wababa waliokuwepo pale wanafurahi, mmoja akanigeukia akasema unaona nidhamu hiyo dada?

Nikaona. Nikaona watoto wa miaka saba wanapiga pushapu kwa vifundo vya ngumi kwenye zege. Nikaona mtoto anaomba maji anaambiwa askari haombi maji, na mimi niliyekaa kivulini shati limeshalowa. Alafu kuna lile zoezi la kupasua msamba, mtoto kafika mwisho wake, mwalimu akamwita kijana mkubwa akamwambia mkalie mgongoni. Amkalie! Katoto kanapiga yowe, wengine wanacheka, mwalimu anahesabu moja mpaka ishirini. Aisee misuli hainyooki kwa kukaliwa, inachanika. Anaemfahamu daktari wa mifupa amuulize. Wa mwisho kwenye mstari pale alikuwa ni katoto ka kike kamoja tu katikati ya wavulana, na kila kakikosea fimbo ya mguu. Sio kubwa, ni kifimbo tu, lakini nilimpeleka wangu ajifunze kutokupigwa jamani, sasa nimlipe mtu elfu kumi na tano ampige?

Hatukumaliza. Binti yangu ndio aliyenivuta mkono.

Ila nisiwaponde wote wa nje. Kuna shule za uwanjani ni nzuri kuliko za kwenye vioo, kukosa jengo sio kosa. Kosa ni zege. Kwa karate ya kusimama unaweza kufanya kwenye sakafu ya kawaida au hata mchangani, ila kama watoto wanaangushana na hakuna mikeka, yaani yale magodoro magumu ya mpira yanayoshikana meno kwa meno, ondoka hapo hapo usisubiri kuona.

Ya tatu ilikuwa ya judo na nakiri roho yangu nusu ipo kule mpaka leo. Ndio ile niliyorudia. Ukumbi mdogo, mikeka imechakaa imefungwa na gundi za karatasi lakini imejaa ukuta kwa ukuta. Saa nzima ya kwanza watoto wageni hawaangushi mtu, wanajifunza kuanguka wao wenyewe. Kidevu kifuani, mkono unapiga chini pembeni, pa! pa! pa! Nikamuuliza mwalimu mbona hawapigani, akasema mama, huyu akija kuteleza bafuni akiwa na miaka sitini atanikumbuka. Nilimpenda pale pale. Akaniambia pia kwa watoto hapo hakuna kukabana koo wala kukunja viwiko, hayo ni ya wakubwa.

Na judo kwetu ina watu wake. Zanzibar ilishika kasi miaka ya 90 kupitia Mjapani anaitwa Shimaoka aliyekwenda kuishi kule, na Olimpiki ya Paris 2024 Tanzania tuliwakilishwa kwenye judo na Andrew Thomas Mlugu, wakati tumezoea Olimpiki kwetu ni wakimbiaji tu. Mwalimu alikuwa na picha ya Mlugu ukutani kaibandika karibu na saa.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa ni wangu, maana walimruhusu ajaribu siku hiyo hiyo bila hela. Mwalimu alimshika mkono mara ya kwanza, mara ya pili akampa kijana mwenye mkanda wa kijani akae nae, na yule kijana alikuwa anapiga magoti ili walingane urefu. Sasa kwanini sikubaki? Foleni tu. Darasa la watoto saa kumi na moja jioni siku za kazi, ukumbi uko upande mwingine kabisa wa jiji, nilijaribu mara moja tukafika darasa limebaki dakika kumi na tano, mtoto kalala kwenye bajaji mdomo wazi. Shule nzuri ambayo huwezi kufika mara mbili kwa wiki hiyo sio yako, itakula hela yako bure na mtoto atakuwa mgeni milele. Mi ningekuwa naishi kule ningekaa kule.

Ya nne ndio tulipo. Goju-ryu, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka kwetu, darasa la shule ya msingi, wakija wanasogeza madawati wao wenyewe, wakiondoka wanayarudisha na kufagia. Hakuna bango. Mwalimu umri wake hamsini na kitu, asubuhi ni fundi umeme. Nilifika nikasema nimekuja kuangalia tu, akanionyesha benchi akaendelea na kazi yake, hakunifuata kuniuzia kitu, na niliposogea mlangoni ili niondoke ndio akaja kuniuliza mama una swali?

Nilikuwa nayo mengi. Lakini kwanza yule wa mwisho kwenye mstari. Alikuwa kijana wa miaka tisa hivi ana kigugumizi, kwenye zile kelele za kuhesabu kwa Kijapani yeye anachelewa. Wanahesabu kwa zamu, kila mtoto anahesabu mpaka kumi darasa zima linapiga ngumi kwa hesabu yake. Ikafika zamu yake. Ichi, yaani moja, akaitoa vizuri. Ile mbili, wao wanaita "ni", ikagoma. Darasa zima mikono iko juu inasubiri, watoto ishirini, hakuna aliyecheka, hakuna aliyemsaidia kusema, mwalimu nae kasimama tu kaangalia mbele. Labda ni sekunde kumi lakini kwangu ilikuwa kama nusu saa. Akaitoa. Wakapiga. Wakaenda hivyo mpaka kumi, na ilipofika "ju", ndio kumi yao, wote wakapiga kelele ya mwisho na darasa likaendelea na mwingine. Mi nililia kidogo nikajifanya ni vumbi.

Baadae nikamuuliza ulijuaje watoto hawatacheka? Akasema walicheka, mwaka jana, siku ya kwanza. Hakueleza zaidi.

Kuna jambo la kuinama ambalo wazazi Waislamu wengi linatusumbua na watu wanaona aibu kuuliza. Mimi niliuliza. Wanainama wanapoingia, wanainama kwa mwalimu, wengine wanapiga magoti mpaka paji la uso linagusa chini, na mimi hiyo ya mwisho siitaki kwa mtoto wangu, kusujudu kuna mwenyewe. Mwalimu akasema kwake ni salamu tu kama wewe unavyomuinamia mkweo, lakini asiyetaka anaweka mkono kifuani na kutikisa kichwa, na kweli niliona watoto wawili watatu wanafanya hivyo na hakuna anaewashangaa. Hijabu pia ruksa, ila iwe ya kuvuta isiyo na pini, pini kwenye mazoezi ni hatari. Alinikumbusha yule binti wa Saudia, Wojdan Shaherkani, aliyecheza judo London 2012 kajifunika kichwa. Kama shule inakujibu swali la dini kwa kukukejeli, basi utajua watakujibu vipi siku mtoto akiumia.

Kupigana nako nilikaa nikakuangalia kwa makini. Wageni hawapigani kabisa miezi ya mwanzo. Baada ya hapo ni kugusa, sio kupiga, wamevaa glavu na kinga ya meno, uso wa mtoto haupigwi. Ikitokea kapigwa kichwa akasema kinamuuma au kama anaona giza anatolewa siku hiyo na mzazi anapigiwa simu, harudi mpaka mzazi aseme. Kuna ndoo ya barafu pembeni na boksi la huduma ya kwanza, nililifungua mwenyewe nione kama lina kitu ndani maana nimeshaona maboksi ya huduma ya kwanza yenye mafuta ya nazi na kibiriti. Lilikuwa na bandeji.

Lingine ambalo watu hawaulizi. Watoto wanabadili wapi nguo? Nani yupo nao? Mwalimu anatoa masomo ya peke yake kwa mtoto akiwa mlango umefungwa? Wanapigwa picha zinaenda wapi? Ile shule ya kwanza walikuwa wanarusha kila kitu mtandaoni, sura za watoto na jina la shule wanayosoma imeandikwa kwenye begi. Hapa watoto wanakuja wameshavaa nyumbani, mlango haufungwi, mzazi yeyote anakaa muda wowote, na picha ni za kwenye grupu la wazazi tu. Nasema bila kupepesa, mwalimu anaekuambia wazazi hawaruhusiwi kuangalia kwasababu wanawaharibu watoto, mshike mwanao mkono mwende mkanywe juisi. Wapo wanaosema siku ya kwanza tu kaa, siku nyingine usikae, kwamba mtoto anakuwa anakuangalia wewe, sawa naelewa, lakini kati ya kuniomba nikae mbali kidogo na kunifungia mlango kuna tofauti.

Bei elfu 35 kwa mwezi, lipa namba, na anakuandikia risiti kwenye kitabu cha karbon kama fundi umeme kweli. Nguo nilinunua mwenyewe elfu 45, akaniambia nichukue kubwa namba mbili ikunjwe, mtoto atakua nayo. Mitihani miwili kwa mwaka, elfu 15 kila mmoja, na mara ya kwanza binti yangu aliambiwa bado, hayupo tayari, asubiri mwingine. Alilia jioni nzima. Mi moyoni nilikuwa nafurahi peke yangu, nikasema kumbe hapa kuna kufeli. Mwaka mzima inakuja 495,000 ukijumlisha yote, yaani tofauti na kule kwenye vioo ni 335,000, hiyo kwangu ni mzigo wa vitenge vya wiki.

Sasa kwa wakubwa wenzangu. Mwezi wa tatu nikachoka kukaa kwenye benchi nikaingia mwenyewe. Nina miaka 39, goti la kushoto linalia kama mlango. Nilimwambia mwalimu mapema, na nawaambia na nyie, mwambie kabla hamjaanza, presha, mgongo, mimba, kila kitu, na uangalie anafanya nini na hiyo taarifa. Wangu alinikataza kuruka na ile misimamo ya chini kabisa, akanipa ya juu zaidi, basi. Kuna jamaa alikuja darasani kwetu akakaa wiki mbili akaondoka, alitaka kujifunza kupiga watu haraka, kuna sehemu wameambiwa ndani ya wikiendi mbili utaweza kumnyang'anya mtu panga. Panga! Mwalimu alimjibu, mtu mwenye panga mpe simu yako na pochi, alafu kimbia, hayo ndio mafunzo na hayana ada. Jamaa alikuwa hana uzoefu wowote ila alishajua anachotaka kuuziwa. Kama unatafuta jasho na kupungua, kickboxing, ile ya ngumi na mateke, inafaa zaidi kuliko hii yetu, huku kuna muda mwingi wa kusimama na kurudia kitu kimoja mara mia mbili mpaka unajiuliza nilikuja kufanya nini. Mimi napenda huko kurudia. Dukani siku nzima nasikiliza kelele za watu, pale saa moja hakuna anaeniomba nipunguze bei.

Na mnataka kujua habari ya basi. Karate haikumaliza kitu, nisiwadanganye. Nilienda shule mwenyewe nikaongea na matroni wa basi na mama wa yule kijana, yakaisha kwa kuongea. Kumbe yule kijana nae kwao asubuhi anatoka bila kunywa chai. Siku hizi binti yangu anabeba sambusa moja ya ziada, sijamwambia abebe. Alichobadilika ni sauti. Zamani ukimuita anaitika kama anaomba radhi, sasa hivi anaitika mpaka jirani anageuka. Ana mkanda wa njano, mimi nina mweupe, kwa hiyo darasani amenitangulia, na mimi ndio nasimama mwisho kabisa kwenye mstari, ananigeukia kwa chati anione kama nimekosea mguu.

Malalamiko ninayo. Choo cha ile shule ya msingi ni kibaya, mpelekeni mtoto chooni kabla hajatoka nyumbani. Ikifika saa kumi na mbili na nusu mbu wanakuja kama wamealikwa, na umeme ukikatika wanaendelea na taa ya simu kitu ambacho nimeshamwambia mwalimu sikipendi. Pia hawafundishi kuangushana vya kutosha, mikeka wanayo minane tu ya kuazima. Nimeshamuomba amlete yule mwalimu wa judo walau mara moja kwa mwezi, amesema wanafahamiana, atampigia. Ameanza kusema atampigia tangu mwezi wa sita.